Fundi kasema kesho tunapiga windo, nianzie wapi?

Tangu Windows 10 ikatiwe apdeti za bure tarehe 14 Oktoba 2025, barua zinazoingia kwenye kona hii ni kama zimeandikwa na mtu mmoja. Kila mtu laptop yake inataka kufutwa na kupigwa windo upya, yaani kuwekewa Windows mpya toka mwanzo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndo yenye vitu vingi vya kupotea, nyingine tutapita nazo haraka.

Kaka habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina laptop ya HP nilinunua used, ina Windows 10, siku hizi inaganda mpaka nawasha, naenda kubandika chai, narudi bado inazunguka. Fundi mmoja hapa mjini kasema tuipige windo upya, iwe Windows 11, elfu kumi na tano, vitu vyangu atavihamishia D halafu atafuta C peke yake. Nina mitihani ya miaka sita humo, picha za watoto tangu wamezaliwa, na mambo mengi nimeyaandika kwenye vile vikaratasi vya njano vya kwenye skrini. Ananisubiri Jumamosi. Nifanye nini kabla sijampelekea? – Mwalimu, Korogwe

Mwalimu, Jumamosi hii usiende. Mpigie fundi mwambie wiki ijayo, hata akinuna.

Sio kwamba fundi wako ni mbaya. Elfu kumi na tano ni bei ya mtu anayetaka amalize ndani ya saa moja ashike nyingine, na kukusanya vitu vyako hakuwezi kuisha ndani ya saa moja, na yeye hajui kipi ni mtihani wa fomu foo na kipi ni takataka ulizodaunilodi ukasahau. Hiyo kazi ni ya kwako wewe mwenyewe, na ukiifanya vizuri kupiga windo kwenyewe kunabaki kitu kidogo tu.

Tuanze na hiyo habari ya D maana hapo ndo watu wengi wanalia. Kwenye laptop nyingi C na D sio diski mbili, ni diski moja imegawanywa, kama chumba na sebule vilivyotenganishwa kwa pazia. Nyumba ikiungua pazia halisaidii. Halafu kuna jambo mafundi hawawaambii wateja, ukishafika kwenye skrini ya kuinstoli Windows pale pa kuchagua pa kuiweka, zile herufi C na D huzioni tena, unaona tu Drive 0 Partition 1, Partition 2, Partition 3, Partition 4, kila moja na ukubwa wake, sasa fundi ana laptop tatu mezani, redio inaongea, mteja mwingine anamuuliza bei ya chaja, anabonyeza kufuta, anabonyeza tena, na mitihani ya miaka sita imekwenda. Kwa hiyo D sio bekapu. Bekapu ni kitu unachoweza kukichomoa ukakiacha nyumbani kabatini wakati laptop iko kwa fundi.

Sasa ukikopi, kopi vitu vyenyewe. Mi mwaka 2013 nilipiga windo laptop ya dada yangu, nikajiona mjanja, nikachukua kila kilichokuwa kwenye desktop nikabandika kwenye flashi, nikafuta kila kitu C na D, nikaweka Windows nzuri kabisa nikampa. Anafungua albamu ya sendofu yake, wapi. Kumbe vile vitu vyote vilikuwa na kamshale kadogo kwenye kona, shotikati tupu, kila moja KB 2, folda zenyewe zilikuwa zimelala ndani ya D ambayo nilikuwa nimeshaifuta kwa mikono yangu. Mpaka leo nikienda kwake naruhusiwa kugusa rimoti tu. Kwa hiyo kila folda bonyeza kulia, nenda Properties, angalia ukubwa. Folda la picha za watoto lina GB 20 hapo sawa, lina KB 2 unakopi mshale.

Vitu vyako vingi vinakaa ndani ya C, kwenye folda linaitwa Users, ndani yake kuna folda lenye jina lako au jina la mwenye laptop wa kwanza, si unajua hizi used, unaweza ukakuta unaitwa Johannes miaka yote na hujui. Chukua yote ya humo, Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos, usianze kuchambua sasa hivi, kuchambua utafanya mwezi wa sita shule zikifungwa. Halafu pita na kwenye D, na pita C yenyewe juu kabisa, watu wana tabia ya kufungua folda linaitwa "New folder" hapo na kutupia humo vitu vya maana kuliko vyote. Ukiona faili lina kiwingu pembeni yake ujue liko OneDrive, kwenye laptop kuna jina tu, kulikopi linahitaji bando. Na OneDrive ya bure ni GB 5 tu, ikijaa inaacha kupandisha vitu vipya na wengi hawastuki, wanaamini kila kitu kiko mawinguni kumbe kilichopo huko ni cha mwaka juzi.

Vikaratasi vya njano. Kama umeingia na akaunti ya Microsoft vinapanda mtandaoni na vitarudi ukiingia tena na akaunti ileile. Kama hukumbuki kama umeingia au la, usicheze bahati nasibu, kaa chini vikopi kimoja kimoja uvibandike kwenye Word. Najua inachosha.

Paswedi za kwenye Chrome nazo zina mtego wake. Wapo wanaokopi folda zima la Chrome wakidhani wamebeba na paswedi, wakirudisha hazifunguki, sababu zimefungwa kwa ufunguo wa Windows ileile unayoifuta. Njia nyepesi ni kuingia kwenye Chrome na akaunti yako ya Google na kuwasha sinki, halafu ufungue simu uone kama kweli paswedi zimefika huko. Unaweza pia kuzitoa kama faili la CSV, lakini hilo faili yeyote akilifungua anasoma kila kitu wazi kabisa, usiliweke kwenye flashi inayozunguka stafu rumu. Na hakikisha ile laini ya simu uliyoiandikisha kwenye Gmail bado unayo, kuna watu wamefungiwa nje ya akaunti zao kwa sababu kodi ya kuingilia inatumwa kwenye namba waliyoipoteza zamani.

Sasa unakopi kwenda wapi? Chonde chonde usinunue flashi ya GB 512 barabarani kwa bei ya soda mbili. Zipo flashi feki nyingi, zimedanganywa ziandike ukubwa mkubwa wakati ndani ni GB 8, unakopi inakubali, majina ya mafaili yanaonekana yote, ukifungua picha nusu ni rangi ya kijivu. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi mpaka mwisho kisha inasoma kama kilichoingia ndo kinachotoka, ifanye flashi ikiwa tupu. Na ukimaliza kukopi, fungua mafaili kwenye laptop nyingine, ya mwalimu mwenzako, mtihani mmoja wa kila mwaka, picha moja ya kila folda. Sio kwenye kompyuta ya steshenari, ukirudi toka huko flashi nzima inaweza kuwa imegeuka shotikati za virusi, japo hapo mafaili huwa hayajafutika, yamefichwa tu.

Sasa nikwambie ningefanya nini ningekuwa wewe, maana kwa jinsi ulivyoeleza, chai inaiva laptop bado inazunguka, nahisi laptop yako ina ile diski ya zamani ya kuzunguka na wala tatizo sio Windows. Ukipiga windo itakuwa nyepesi wiki mbili tatu halafu inarudi palepale. Weka programu ya CrystalDiskInfo, itakuonyesha kama ni HDD (hiyo ya kuzunguka) au SSD (ya kisasa, haizunguki na ina kasi) na afya yake, ikikuandikia Caution au Bad acha kila kitu uanze kukopi usiku huohuo. Kama ni HDD, nunua SSD ya GB 256, mwambie fundi aitoe ya zamani, aweke mpya, apige windo kwenye mpya. Ile ya zamani mnunulie kasha lake la USB, uichukue uende nayo nyumbani. Hapo hakuna kilichofutwa hata kimoja! Hata ukigundua baada ya miezi mitatu kuna kitu ulisahau, kiko kabatini kinakusubiri. Mi siku hizi kila mtu anayeniuliza namwambia hivihivi kama laptop yake inakubali kubadilishwa diski, ni pesa ya ziada ndiyo, lakini unanunua kasi na bekapu kwa mpigo mmoja. Mitihani na picha kopi tu hata hivyo, diski ya zamani nayo ina siku zake.

Kabla ya kuitoa angalia kitu kimoja, BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski. Laptop nyingine diski imefungwa na mwenyewe hajui, ukija kuichomeka kwenye mashine nyingine inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua Command Prompt kama admini, andika manage-bde -status, ikisema Protection On basi andika manage-bde -protectors -get C: na zile tarakimu 48 ziandike kwenye daftari, na D fanya hivyohivyo. Kwenye daftari, sio kwenye desktop ya laptop hiyohiyo, nishaona.

Kuhusu Windows 11 yenyewe, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya laptop), ramu isiyopungua GB 4 (mi nasema 8), na kama prosesa ni ya Intel iwe kuanzia kizazi cha 8. Bonyeza kulia kwenye This PC, Properties, usome pale, i5-8250U maana yake kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6 na haimo. Hapohapo angalia imeandikwa Home au Pro, umwambie fundi aweke ileile. Hili dogo lakini ndo linaloleta balaa, leseni ya laptop iliyokuja na Windows toka kiwandani huwa imehifadhiwa ndani ya mazabodi, ukiweka toleo lilelile inajiaktiveti yenyewe ikipata intaneti, hulipi hata mia, sasa mafundi wengi wana flashi moja ya Pro wanamwekea kila mtu, kwenye laptop ya Home inakataa kuaktiveti, basi fundi anachomeka kiaktiveta alichodaunilodi asikokujua, na ili kifanye kazi anazima antivirusi kwanza. Umekwenda na laptop nzito, umerudi na laptop nyepesi yenye mgeni ndani. Akikwambia lazima "aikraki" muulize kwa nini. Office nayo muulize mapema, kama ulinunua inafuata akaunti yako ya Microsoft, kama uliikuta tu humo basi ujue haitarudi.

Mwisho chaja ibebe na betri iwe imejaa, umeme ukikatika katikati ya kuinstoli ni kuanza upya.

Shikamoo anko. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu Dodoma, nimeshachelewa. Rumeti wangu amenipigia windo jana, tulisahau kuna folda la ripoti yangu ya utafiti lilikuwa Documents. Diski ni SSD. Kuna programu ya kurudisha? Nimebakiza wiki mbili nikabidhi. – Mwaka wa tatu, Dodoma

Marahaba mwanangu, pole sana.

Ingekuwa HDD ningekwambia zima laptop sasa hivi, toa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine, tumia PhotoRec, na kuna matumaini. Kwenye SSD mambo ni tofauti, ukifuta, Windows inaiambia diski kwamba sehemu hizi hazihitajiki tena na diski inazisafisha kweli, wakati we unatafuta programu Google, diski yenyewe inaendelea kujisafisha. Jaribu ukitaka ila usimlipe mtu anayekuahidi asilimia mia.

Tafuta ripoti nje ya laptop. Kila mara ulipomtumia msimamizi wako sura moja, iko kwenye Sent ya imeili yako, na iko kwake na maoni yake juu. Grupu la WhatsApp la darasa, mliokuwa mnalinganisha. Ulishawahi kuprinti? Nenda kwenye ile steshenari, mwambie akuangalizie Downloads, zile kompyuta hawazifuti miaka, jamaa yangu mmoja alipata sura tatu nzima kwenye steshenari ya nje ya geti, zimeitwa "final final 2". Angalia flashi zako zote hata ile uliyoweka miziki. Kama uliandika kwa Google Docs hata mara moja fungua Drive ya akaunti zako zote, najua unazo mbili. Ukikusanya vipande utashangaa umebakiza kuandika upya sehemu ndogo tu. Na msimamizi mwambie leo, usisubiri siku ya kukabidhi.

Ndugu yangu salaam aleikum. Niko Mombasa, nina duka la kuchapisha na nafanya laptop kidogokidogo. Mteja kaleta laptop mpya mpya hivi, ya Intel kizazi cha 11, nikiingiza flashi ya Windows yafika mahala pa kuchagua diski naona patupu, hapana diski hata moja. Kwenye BIOS, ile menyu ya kabla Windows haijawaka, yaonekana. Mteja aniangalia jicho baya adhani nimemharibia. – Mwenye duka, Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu, mwambie mteja atulie, hujamharibia kitu.

Laptop nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 diski inapitia kitu kinaitwa VMD, na flashi nyingi za Windows hazina draiva yake, yaani kiprogramu cha kuifanya Windows iitambue, ndo maana BIOS inaiona na Windows haioni. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop, andika namba ya modeli, daunilodi draiva ya Intel Rapid Storage, ikunjue kwenye folda uiweke kwenye flashi ileile. Ukifika pale patupu bonyeza Load driver, ionyeshe folda, diski itatokea. Wengine huingia BIOS wakazima VMD, na inafanya kazi kama unafuta kila kitu, lakini usiizime kabla hujatoa vitu vya mteja, Windows ya zamani inaweza ikagoma kuwaka na hapo ndo jicho baya litakuwa na sababu.

Na kwa kazi yako hii, kabla ya kufuta mashine yoyote inayowaka bado, chomeka flashi, tengeneza folda, andika dism /online /export-driver /destination:E:\draiva kwenye Command Prompt ya admini. Inakopi draiva zote za laptop hiyo ambazo hazikuja na Windows yenyewe, ya wifi, ya sauti, ya tachipedi, nyingi zitakubali hata kwenye Windows 11. Itakuokoa na ile hali ya Windows imekaa vizuri ila haina wifi na yenyewe inang'ang'ania intaneti ndo iendelee. Ukikwama hapo, simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, mara nyingi inakubali bila draiva yoyote.

Mkuu, nina EliteBook 840 G3, najua Windows 11 haiitaki. Kuna jamaa anasema anajua njia ya kuilazimisha. Nimkubalie? Au nibaki na 10? – Mdau, Mtwara

Njia ipo, wengi wanaitumia, flashi ikitengenezwa kwa programu ya Rufus unaweka tiki inaruka ule ukaguzi. Ila Microsoft hawakuahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata apdeti, kwa hiyo ikikataa siku moja hamna wa kumlalamikia. Ukibaki na 10 unaweza kujiandikisha kwenye apdeti za ziada za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, ingia Settings, Windows Update, utaona pa kujiandikishia, na kuna njia ya bure ukikubali kusinki seting zako na akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, kama kazi zako ni brauza, barua na muvi, 840 G3 yenye SSD na ramu 8 inakwenda vizuri sana na Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Ijaribu kwanza toka kwenye flashi bila kuinstoli, inakubali, cheza nayo siku mbili uone kama printa yako inatoa karatasi.